Skuta Inayopita Kimya

Nyumbani kwetu anayewahi kuamka ni binti yangu. Mimi namsikia kwa maji. Kwanza bomba la jikoni, halafu birika, halafu bomba tena. Wajukuu zangu wawili, mapacha, bado wamelala. Wamepigana mateke mpaka blanketi liko sakafuni. Mkwe wangu naye anakoroma. Yeye ni mpaka rangi wa nyumba, na mtu anayeshinda juu ya ngazi mchana kutwa, usiku lazima akorome.

Mtaani kwetu binti yangu wanamwita Mama Pacha. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine zinafua, yeye anashona. Shuka likichanika, linaletwa kwake. Gauni la mgonjwa likikatika kamba, linaletwa kwake. Ana mkono wa sindano huyo! Akiziba tundu, utalitafuta usilione.

Kazi anaipenda, ila iko mbali. Zamani lilikuwepo basi la asubuhi lililopita karibu na nyumba. Likabadilishiwa njia. Mama Pacha akaanza kwenda kwa miguu. Goti lake likaanza kuvimba. Akawa anachelewa, leo kidogo, kesho zaidi.

Msimamizi wake ni mwanamke mpole. Lakini siku moja alimwita pembeni.

"Mama Pacha, chumba cha upasuaji hakiwezi kusubiri mashuka. Ukiendelea hivi, itabidi nitafute mtu anayekaa karibu."

Siku hiyo alirudi nyumbani hakula. Alikaa na goti lake juu ya kigoda, akaliangalia kama mtoto aliyemtia aibu mbele za watu.

Ndipo ikaja skuta. Mfanyakazi mwenzake alikuwa anahama, akamwachia. Binti yangu aliileta jioni moja, akaisimamisha katikati ya sebule. Ina ubao wa kusimamia. Ina magurudumu mawili madogo. Ina usukani mrefu, mwembamba. Inakwenda kwa betri, unaichaji kama simu.

"Mama, ona," akaniambia.

"Naona. Kiti kiko wapi?"

"Haina kiti. Unasimama tu."

"Kwa hiyo umeletewa kitu ambacho hakijamalizika kutengenezwa."

Mapacha walicheka mpaka wakagongana vichwa. Lakini skuta ilifanya kazi. Mama Pacha akawa anafika hospitali kabla ya msimamizi wake. Goti likapungua. Akaanza tena kuimba akiosha vyombo.

Tatizo lilikuwa kengele.

Kwenye usukani palikuwa na kikengele kidogo. Skuta ikiruka shimo, kinalia chenyewe. Siku moja kililia nyuma ya mama mmoja mtu mzima. Yule mama akageuka, akamtazama Mama Pacha kutoka juu mpaka chini.

"Nilitamani ardhi inimeze," Mama Pacha alituambia. "Nimpigie mtu mzima kengele, nimekuwa nafukuza kuku?"

Akachukua kipande cha kitambaa cha kijani kilichobaki kazini. Akakishonea kile kikengele kofia. Kofia nzuri kabisa, yenye pindo na kifungo. Tangu hapo hakikulia tena. Nyumba nzima tulimsifu kwa adabu yake.

Sasa niwaelezeni barabara yetu. Ni nyembamba, na kwenye kona ya duka la dawa malori yanapita karibu sana na ukingo. Mama Pacha aliyaogopa. Kwa hiyo alipita juu ya njia ya miguu, ile yenye vigae, waliyojengewa watu wanaotembea. Hakwenda mbio. Akimkuta mtu mbele, alimpita polepole, kimyakimya. Akishafika ubavuni kwake, ndipo anasema, "Shikamoo!"

Na mtu anaruka.

Watu wakaanza kunung'unika. Hawakumsema yeye peke yake. Walikuwepo vijana wa mtaa wa juu waliopanda wawiliwawili kwenye skuta moja, simu mkononi. Kuna mmoja aliiacha skuta yake imelala mbele ya mlango wa zahanati, na mama mwenye kitoto mgongoni akajikwaa. Muuza mboga wa pale kona, ambaye mdomo wake hauna pazia, alisema kila asubuhi:

"Tulijengewa njia ili tukimbie magari. Sasa magari yamezaa watoto, na watoto wamepanda huku huku juu!"

Watu walicheka. Lakini hawakuwa wanatania.

Basi ikatokea asubuhi moja. Jirani yetu mmoja ni fundi wa saa. Tunamwita Fundi Saa. Ana kijimeza na kabati la kioo kando ya duka la dawa. Anafungua saa ya mkononi, anatoa skrubu ambazo mimi hata kwa miwani sizioni. Asubuhi hiyo alikuwa anatembea kwenda kazini, amekumbatia saa kubwa ya ukutani ya mteja.

Mama Pacha akaja nyuma yake. Skuta haina mlio. Kengele imevaa kofia. Akafika karibu na sikio la Fundi, akasema kwa heshima zote:

"Shikamoo, Fundi."

Fundi alishtuka, akaruka pembeni. Mguu ukakosa ukingo wa njia. Akaanguka barabarani, na mkono wake wa kulia ukawa chini yake. Kioo cha saa kikavunjika. Kwa bahati lori lilikuwa bado mbali.

Mama Pacha akaitupa skuta pale pale katikati ya njia, akakimbia kumwinua. Muuza mboga naye akaja mbio kusaidia, akajikwaa kwenye skuta, kidogo naye aende chini.

Zahanati walimpiga Fundi picha ya mkono. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa na ufa. Wakamfunga plasta ngumu, nyeupe, kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko.

Jioni Mama Pacha aliingia nyumbani, hakuvua hata viatu.

"Sikumgusa, Mama. Wallahi hata nguo yake sikuigusa."

"Kama hukumgusa, ameangukaje?" mume wake akauliza.

"Kamuulize yeye! Mimi nimemsalimia. Tangu lini salamu inaangusha mtu?"

Usiku kucha nilikuwa namsikia akigeuka kitandani. Na kila mtu aliyemuuliza kesho yake, duka la mkate, bombani, kazini, alimjibu neno lile lile. Sikumgusa. Alilisema mpaka likawa kama wimbo usio na furaha.

Siku ile ile mwenyekiti wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba. Ni mama mrefu, hana haraka ya maneno.

"Jumamosi kuna mkutano," akatuambia mlangoni. "Watu wanataka skuta zipigwe marufuku mtaani kwetu. Zisionekane kabisa."

"Kabisa?" Mama Pacha akauliza. "Hata barabarani?"

"Hata barabarani. Pole, mwanangu. Njoo useme na wewe."

Mlango ulipofungwa, Mama Pacha aliweka mkono juu ya goti lake. Skuta ikikatazwa, anarudi kutembea. Akirudi kutembea, anachelewa. Akichelewa, kazi inakwenda kwa mtu anayekaa karibu na hospitali.

"Kabla ya mkutano," nikamwambia, "tukamwone mgonjwa."

Tulimkuta Fundi Saa sebuleni kwake. Saa zilikuwa zimejaa ukutani, zote zinagonga pamoja. Ile ya mteja ilikuwa mezani, haina kioo. Alikuwa anajaribu kushika kibano kwa mkono wa kushoto. Kibano kikadondoka. Akakiokota. Kikadondoka tena.

"Karibuni," akasema. "Kaeni. Msinitazame hivyo, sijafa."

Mama Pacha alipiga goti moja, lile zima. "Fundi, nimekuja kukuomba radhi. Lakini baba yangu, sikukugusa."

"Najua hukunigusa."

"Na nilikusalimia."

"Ulinisalimia, ndiyo. Lakini salamu ilinikuta sijui kama duniani kuna mtu mwingine. Nilidhani nimeitwa na malaika." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Mwanangu, huu mkono ndio unaoshika skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi. Daktari anasema utapona. Hajasema kama utakuwa mwepesi kama zamani."

Saa zikaendelea kugonga.

"Sina kinyongo na wewe," Fundi akasema. "Nikikwambia nimekusamehe, nimekusamehe. Lakini Jumamosi wakisema wanaokataa skuta wanyooshe mikono, mimi nitanyoosha. Huu uliobaki."

Tukatoka. Njiani Mama Pacha alikuwa analia bila sauti, anajifuta na ncha ya khanga yangu.

Pale kwenye kivuko cha shule tukamkuta jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kazi yake ni kuvusha watoto wa shule barabara. Anavaa kizibao cha rangi ya kuwaka, unamwona hata kukiwa na ukungu. Kwa hiyo jina lake likawa Kizibao. Aliposikia tumetoka wapi, alisubiri mpaka watoto wa mwisho wakavuka.

"Mama Pacha, shoga yangu," akasema, "kesho watoto wakishatawanyika, lete skuta yako kule uchochoro wa nyuma ya shule. Na mumeo aje."

"Wa nini mume wangu? Hajui kuendesha hata toroli."

"Huyo huyo ndiye namtaka."

Kesho yake tukaenda wote. Mimi sikukubali kubaki nyumbani, jambo kama hilo. Uchochoro ule ni mtulivu, una ukuta mrefu upande mmoja. Kizibao alimpa Mama Pacha kikapu chake, akamsimamisha mbali, mgongo kwetu.

"Tembea kama unakwenda dukani," akamwambia. "Usigeuke. Mumeo atakupita na skuta. Polepole, kama unavyopita wewe."

"Sasa nikishajua anakuja, kuna ajabu gani?"

"Tembea tu."

Mkwe wangu alipanda kwenye ubao kama anapanda ngazi mbovu. Alikwenda huku na kule, akamkosa paka, mwishowe akanyooka. Mama Pacha alikuwa anatembea. Mwanzoni alikaza shingo, anasikiliza. Hakusikia kitu. Baadaye kidogo alisahau, akaanza kuangalia chupi za watu zilizoanikwa juu ya ukuta. Mkwe akafika ubavuni kwake, akainama, akasema sikioni:

"Shikamoo, mke wangu!"

Mama Pacha alipiga yowe. Aliruka mpaka ukutani, na kikapu akamtwanga nacho mumewe kichwani.

"Mshenzi wewe! Unataka nikate roho?"

Mkwe akasimamisha skuta, mkono juu ya kipara chake.

"Sikukugusa," akasema.

Mimi nilikuwa nataka kucheka. Lakini nilipouona uso wa binti yangu, nikanyamaza. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono kifuani. Alimwangalia mume wake, akaiangalia skuta, akakiangalia kile kikengele chenye kofia ya kijani.

"Na mimi nilijua anakuja," hatimaye akasema, sauti ndogo. "Fundi hakujua."

"Hapo hapo," Kizibao akasema. Akaketi juu ya tofali, sisi tukamzunguka. "Nikuambie ninachokiona kila siku pale kivukoni. Mtu akiwa barabarani, macho yamemtoka. Akishapanda njia ya miguu, anapumua. Anawaza mambo yake. Anageuka kumwita mtoto, anaruka dimbwi, anasimama kufunga kiatu. Haendi mstari ulionyooka, na wala si kosa lake. Pale ndipo mahali pake pa kupumzisha akili. Gari utalisikia. Pikipiki utaisikia. Hii skuta yako haitoi sauti. Kwa hiyo sauti lazima uitoe wewe."

"Lakini kumpigia mtu mzima kengele, Dada…"

"Ukienda nyumbani kwa mtu, unafanya nini kwanza?"

"Napiga hodi."

"Ukiwa wapi?"

"Mlangoni."

"Haya. Wewe na hiyo skuta yako unaingia ndani, unavuta kiti, unakaa, halafu ndiyo unasema hodi. Hata kama umeisema kwa adabu, mwenye nyumba lazima aruke."

Mama Pacha alifunika mdomo kwa mkono. Sijui alikuwa anacheka au anasikitika. Nadhani yote mawili.

"Kengele ni hodi," Kizibao akasema. "Unaipiga ukiwa mbali. Mara moja, inatosha. Halafu unapunguza mwendo, unampa mtu nafasi ya kujua uko wapi. Usiipige ukiwa umeshamfikia, hapo ndiyo unamfukuza kama kuku. Na ukipita, acha nafasi ya mkono ulionyooshwa. Pasipotosha mkono ulionyooshwa, unashuka. Unaisukuma. Ukishashuka, na wewe ni mwenda kwa miguu kama sisi."

"Nitachelewa."

"Utachelewa kidogo. Kwani umeona wapi pamebana kweli? Ni pale kutoka duka la dawa mpaka kile kituo cha zamani cha basi. Kwingine kote hutakiwi hata kuwa juu ya njia ya miguu. Mimi niliuliza ofisi ya mji. Kwetu hapa skuta inatakiwa ipite ukingo wa barabara, kunakopita baiskeli. Miji mingine ina sheria zake, mtu akihamia mahali aulize kwanza. Huku juu mlipanda wenyewe."

"Kwa sababu ya malori."

"Malori yako pale kona tu. Pale shuka, panda juu, sukuma. Ukimaliza kona, rudi ukingoni. Au pita huku nyuma ya shule, gari haliingii. Na uvae kofia ngumu. Kichwa chako hakina fundi wa kukitengeneza."

Mama Pacha akanyoosha mkono. Akafungua kile kifungo, akaivua ile kofia ya kijani, akaitia mfukoni. Kisha alijifunza mpaka jua likashuka. Mimi na mume wake tulikuwa waenda kwa miguu. Anapiga kengele kwa mbali, ting! Anapunguza. Anapita kwa nafasi. Mara ya kwanza nilishtuka kidogo, mara ya pili nikawa natembea tu. Nikamwambia, "Sasa nasikia hodi."

Jumamosi mkutano ulikuwa darasani, pale shule. Watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti alisimama mbele ya ubao. Fundi Saa aliketi karibu na dirisha, plasta imening'inia shingoni kwa kitambaa.

Maneno yalikuwa makali. Baba mmoja alisema mke wake ni mjamzito na anaogopa kutoka. Mwingine akasema vitu hivi ni vya watu wavivu wa kutembea. Muuza mboga akasimama.

"Mimi sina kisomo cha umeme. Ninachojua, miguu ilikuwepo kwanza. Njia ni ya miguu. Hata jina lake ndilo hilo!"

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akamwita binti yangu.

Mama Pacha alisimama. Moyo wangu ulikuwa unasema, usiseme lile neno, mwanangu, usilianze tena.

"Watu wameniuliza, nami nimewajibu kwamba Fundi sikumgusa," akasema. "Ni kweli. Sikumgusa. Lakini nilimwangusha."

Akatoa mfukoni ile kofia ya kijani, akaiinua watu waione. Akaeleza ni ya nini. Kwamba aliona haya kuwapigia wakubwa kengele, akaishonea kofia isilie. Watu walianza kucheka, na wengine walikuwa wanatikisa vichwa, maana walielewa. Mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Hata mimi ningeona haya." Halafu Mama Pacha akasema jinsi mumewe alivyomshtua uchochoroni, na jinsi alivyomtwanga kikapu. Hapo walicheka kabisa. Fundi Saa hakucheka. Alikuwa anasikiliza.

"Siombi mniachie nipite nitakavyo," Mama Pacha akasema. "Goti langu bovu, na bila skuta kazi yangu inapotea. Hilo ni langu. Lakini hofu yenu mliibeba ninyi, kwa sababu yangu. Naomba mnipe nafasi nipite inavyotakiwa. Pale palipobana nitashuka nisukume. Nikionekana nimepanda pale, niiteni mwizi."

Mwenyekiti akauliza, "Fundi, wewe ndiye mwenye mkono. Unasemaje?"

Fundi Saa akamwangalia Mama Pacha. "Hiyo kengele iko hapa?" akauliza.

Skuta ilikuwa mlangoni, imeegemezwa ukutani. Mama Pacha akaenda, akaipiga. Ting.

"Tena. Nenda nayo mbali, mwisho wa korido."

Akaenda. Ting, tukaisikia.

Fundi alikuwa amefumba macho, kama anavyosikiliza saa. "Inasikika," akasema. "Inakwaruza kidogo, skrubu yake imelegea. Niletee, nitakuelekeza uikaze wewe, maana mimi siwezi." Akafumbua macho, akawageukia watu. "Mimi siogopi skuta. Naogopa nisichokisikia. Nilikuja hapa kunyoosha mkono wa kukataa. Sasa nasema hivi. Tungoje mpaka plasta hii itolewe. Ikitolewa na hakuna mwingine aliyeanguka, zipite kwa utaratibu huo wa kushuka na kusukuma. Akianguka hata mmoja, nitanyoosha mikono yote miwili."

Walibishana, walikubaliana. Skuta zote, za wakubwa na za vijana, zitashuka kuanzia duka la dawa mpaka kituoni. Mtu mmoja, skuta moja. Hakuna kuiacha katikati ya njia. Mkwe wangu akajitolea kuchora kwa rangi mahali pa kuziegesha, kando ya ukuta wa shule. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akipaka rangi chini badala ya juu.

"Mimi bado," muuza mboga akasema tukitoka. "Sijasema ndiyo. Nitakaa pale kona na macho yangu."

"Kaa nayo, dada," Mama Pacha akamjibu. "Nisaidie kuangalia."

Na kweli alikaa nayo. Siku moja mvua ilikuwa inakuja, Mama Pacha amechelewa kutoka, na njia pale kona ilikuwa tupu. Alisimama duka la dawa, mguu mmoja chini, mmoja kwenye ubao. Muuza mboga alikuwa anamtazama kutoka nyuma ya mafungu ya mchicha. Mama Pacha akashuka, akasukuma. Alifika kazini amelowa. Jioni alinieleza, nikamuuliza, "Kwa nini ulishuka na hakukuwa na mtu?" Akasema, "Nikizoea kupanda pakiwa patupu, nitapanda hata pakiwa na mtu."

Vijana wa mtaa wa juu walichukua muda. Mmoja alipita pale kona amepanda na mwenzake, na muuza mboga akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika hospitali. "Shuka! Shuka wewe, Mama Pacha anashuka, wewe nani?" Walishuka.

Asubuhi moja nilitoka kununua mkate. Mbele yangu alikuwa Fundi Saa. Plasta ilikuwa imetolewa, na hakuna mwingine aliyeanguka; mkono umebaki mwembamba kidogo kuliko mwenzake. Alikuwa amekumbatia ile saa ya ukutani, imewekwa kioo kipya. Alikuwa anaipeleka kwa mwenyewe. Nilimwona anatembea karibu na ukuta, anajishika, kama mtu anayepita penye mbwa.

Kisha nikasikia, mbali nyuma yetu, ting. Safi, bila kukwaruza.

Nilimwangalia Fundi. Mabega yalipanda kidogo, halafu yakashuka. Hakugeuka. Aliihamisha saa kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akaendelea kutembea katikati ya njia, mwendo wake ule ule.

Mama Pacha alikuwa chini ukingoni mwa barabara, kofia ngumu kichwani, polepole, nafasi tele kati yao.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba, mwanangu. Leo umechelewa?"

"Sijachelewa!"

Fundi akaitazama saa mikononi mwake. "Kweli," akasema. "Nenda salama."

Kufika duka la dawa, binti yangu akashuka, akapanda juu, akaanza kusukuma. Muuza mboga alikuwa amepanga nyanya zake. Hakusema kitu. Aliinama tu, akakivuta kikapu chake ndani kidogo, binti yangu apate kupita.